Zimwi la Wimbo wa Mwisho

Ko, ko. Ko-ko-ko. Kisha kimya, kisha ko moja iliyochelewa, kama mgeni anayebisha hodi huku akijiuliza kama ndiyo nyumba yenyewe.

Honorine hakufumbua macho. Alijua ni kijiko cha mbao, alijua ni ukingo wa meza, na alijua aliyekishika ni mumewe Anselme, amekaa gizani na blanketi mabegani, anapiga mwendo wa wimbo wa mwisho kabla Paris haijaamka. Taa haikuwashwa kwa sababu ya Zélie, binti yao wa miaka minne. Zélie akiona mwanga hudhani siku imeanza, na akidhani siku imeanza basi imeanza kweli, kwao wote na kwa jirani wa ghorofa ya chini pia.

"Mama Zélie," Anselme alinong'ona. "Umelala?"

"Nimelala."

"Mizani nane, saba, nane, halafu tano. Hiyo tano ndiyo inayoniua."

"Inakuua wewe? Anayeitafutia maneno ni nani?"

Kijiko kilinyamaza. Anselme alikuwa mtu mwema, na mtu mwema hujua pa kunyamaza.

Ilikuwa Jumanne. Alhamisi mchana, mkurugenzi wa ukumbi angeisikiliza opera yao kwa piano na kuamua kama itapanda jukwaani majira ya kuchipua au itarudi nyumbani kulala chini ya kitanda pamoja na dada zake wawili waliotangulia. Muziki ulikuwa tayari. Maneno yalikuwa tayari, yote, isipokuwa wimbo mmoja. Ule wa mwisho.

Hapo mwanzo maneno hayakuwa kazi ya Honorine. Yalikuwa ya Bwana Gaspard Lhuillier, mtunga beti mwenye ndevu za kupendeza, ambaye mwezi wa tisa alimkimbia Anselme akaenda kwa mtunzi mwingine mwenye gari la farasi. Alichoacha ni riwaya tu, imefungwa kwa kamba, na kijikaratasi juu yake: "Haiwezekani." Honorine, ambaye mchana alikuwa akishona glavu, na kwa miaka mitatu alikuwa amesoma shule ya jioni kwa mwalimu mwenye upara aliyelia kila akisoma shairi, alifungua ile kamba akasema, "Nipe mimi." Anselme alicheka. Kisha akaona anacheka peke yake.

Riwaya ilikuwa na kurasa mia tano na kumi. Ilimhusu Marthe, mke wa mlinzi wa lango la mfereji, lile lango linalopandisha na kushusha mashua. Mumewe anaondoka na mashua ya makaa, haonekani tena. Marthe anabaki na mtoto na lango. Mwandishi wake, Bwana Hector Vauquelin, alikuwa ameua ndani yake watu sita na farasi mmoja.

Honorine alianza na farasi. Alimtoa. Kisha akawachukua wajomba wawili wa Marthe akawafanya mmoja, maana ukumbi ulikuwa na mwimbaji mmoja tu wa sauti nzito. Bibi mzaa mama alitolewa pamoja na ugonjwa wake. Sura nzima ya mvua, kurasa arobaini, ikawa mishororo minne ya kwaya. Na gulio la kijiji, ambalo mwandishi alilitaja kwa sentensi moja akipita, likawa sehemu ya pili yote, kwa sababu kwaya lazima ipate mahali pa kunywa na cha kuvaa. Ndivyo kazi ilivyo. Riwaya ni kabati, opera ni begi la safari, na anayefunga begi ndiye anayejua ni nguo gani haivaliki.

Alifurahia kila siku ya kazi hiyo. Tatizo lilikuwa mwisho.

Katika riwaya, Marthe anapata habari kuwa mume ameoa mji mwingine. Anamlaza mtoto, anatoka, anakwenda langoni, na maji yanamchukua. Lakini ukumbi waliokuwa wakiuandikia ulikuwa ukumbi wa familia. Watu wa Paris walileta binti zao pale kutazamwa. Binti huketishwa mbele ya kijichumba cha watazamaji, mama katikati, na mchumba huingia kusalimia wakati wa mapumziko ya pili, kana kwamba amepita tu. Mkurugenzi, Bwana Courtalin, alikuwa amemwambia Anselme wazi: "Mwaka jana zilipangwa ndoa arobaini ndani ya vyumba vyangu vya watazamaji. Huwezi kumposa binti wa watu mbele ya maiti. Kwangu hafi mtu."

Bwana Vauquelin naye alikuwa ameleta barua, na ruhusa ya kutumia riwaya ilikuwa mkononi mwake. Barua ilikuwa fupi: "Nimesikia mnataka kumwokoa Marthe. Bila sababu ya kweli, hamna ruhusa yangu."

Kwa hiyo Honorine alikuwa ameandika wimbo wa mwisho mara sita. Mara tatu Marthe alikufa, mara tatu akapona, na mara zote sita aliimba "E wimbi, ewe ajali," kama aliyesoma shule ya jioni.

Paa za mtaa wao wa Batignolles zilianza kuwa kijivu dirishani. Honorine aliinuka, akawasha moto, akaweka supu ya vitunguu ya jana ipate joto. Mguu wake ukapapasa chini ya kitanda.

"Unatafuta nini?" Anselme aliuliza.

"Kiatu. Tangu Jumamosi mtoto anatembea na kiatu kimoja na ndala ya kitambaa. Watu wananitazama kama nimezaa nikasahau."

"Kitaonekana."

"Kitaonekana na nani? Na macho ya nani?" Alikuwa sasa amepiga magoti, kichwa kimeingia chini ya kabati. Zélie naye alikuwa ameamka, ameketi kitandani, anauliza mambo matatu kwa pamoja. Honorine alikuwa akimjibu, akiongea na moto, akiongea na kabati, na kijiko cha Anselme kikaanza tena, ko, ko, ko-ko-ko, kisha kikaachwa, kalamu ikashikwa.

"Rudia," alisema Anselme.

"Nirudie nini?"

"Hayo uliyosema. Nahitaji zimwi."

Zimwi, kwa watu wa kazi hiyo, ni maneno yoyote yale ambayo mtunzi wa muziki huyaandika chini ya noti ili mwenye kutunga beti aone mizani ni ngapi na sauti inapanda wapi. Hayana maana. Yanakaa mahali pa maneno ya kweli kama jiwe linavyokaa mahali pa mtu kwenye foleni ya mkate. Anselme alikuwa amewahi kutengeneza zimwi kutokana na orodha ya dobi. Safari hii aliandika alichokuwa akikisikia, huku anacheka kimoyomoyo:

*Ki wapi kiatu chake,*
*na supu inafuka,*
*nani kahamisha chumvi,*
*ngoja, nakuja.*

"Tazama," alisema. "Nane, saba, nane, tano. Imekaa kama glavu."

"Nami nimekaa chini ya kabati," alisema Honorine. "Supu inafuka. Epua."

Anselme aliiepua, kisha akaenda kwenye piano kuujaribu wimbo taratibu. Ile piano kuukuu nayo ilikuwa na ugonjwa wake. Tangu siku mbili au tatu hivi, noti moja ya chini ilikuwa inatoka kama mtu anayesema ndani ya blanketi. Anselme alikuwa amemlaani fundi wa piano, kisha, kwa kuwa hakuwa na saa ya kumngoja, akatunga wimbo mzima wa mwisho bila kuigusa noti hiyo.

Jumatano Honorine aliandika mara ya saba. Marthe akapona, kwa sababu ya kengele za kanisa. Haikuwa nzuri, lakini ilikuwa na vina. Akamfunga Zélie ndala ya kitambaa kwa utepe, akakunja karatasi zilizokuwa mezani, moja mfukoni, moja mkononi, akashuka ghorofa nne hadi kwa Bwana Tibule, mnakili, mzee mwenye vidole vyeusi vya wino ambaye kwa miaka thelathini alikuwa amenakili sehemu za waimbaji bila kusoma neno hata moja.

"Ukisoma unaanza kucheka au kulia," alimwambia Honorine, kama alivyomwambia kila mtu, "na vyote viwili vinadondosha wino. Lete. Mwimbaji, Bi Léocadie, ataipata jioni."

Zélie alikuwa anavuta sketi. Honorine alimkabidhi mzee karatasi, akamshukuru, akaenda zake sokoni kununua liki za supu.

*

Alhamisi, chumba cha mazoezi chini ya paa la ukumbi kilikuwa na baridi ya kutosha kuhifadhi samaki. Bwana Courtalin alikaa na kofia yake kichwani. Bwana Vauquelin, mrefu, shingo imezungushiwa skafu mara tatu, alikaa mbali naye viti vinne, riwaya yake magotini kama wakili aliyekuja na sheria. Bi Léocadie Brunoy, mwimbaji, mwanamke mnene mwenye sauti iliyowafanya wapanda farasi wageuke barabarani, alikuwa anamenya njugu za kuchoma na kumgawia Zélie, aliyeketi sakafuni karibu na miguu yake.

"Mwanao hana kiatu, mdogo wangu," Bi Léocadie alisema.

"Anacho. Kimoja."

"Bora kuliko mimi nilipokuwa na umri wake."

Wakaanza. Anselme alipiga piano, Bi Léocadie akaimba sehemu zake, na za wengine Honorine akazisoma kwa sauti. Gulio likapendwa. Mjomba mmoja mwenye tabia za wajomba wawili akamchekesha mkurugenzi hadi kofia ikasogea. Mvua ya mishororo minne ilimfanya Bwana Vauquelin afumbe macho kama mtu aliyeng'olewa jino. Alikuwa anangoja mwisho, na Honorine alijua anangoja nini.

Muziki wa mwisho ukaanza, taratibu. Honorine alitia mkono mfukoni atoe karatasi yake ya mizani afuate. Akatoa karatasi yenye duara la kikombe cha kahawa. Akaitazama. Ilikuwa ya saba, mwandiko wake mwenyewe, kengele za kanisa na kila kitu. Haikupaswa kuwa mfukoni. Ilipaswa kuwa kwa mnakili tangu jana.

Basi kwa mnakili ilikwenda ipi?

Alipata jibu moyo ukiwa bado unauliza. Alimtazama Anselme, lakini Anselme alikuwa amefumba macho, anapiga. Alimtazama Bi Léocadie. Bi Léocadie aliweka njugu pembeni, akafuta vidole, akavuta pumzi.

*Ki wapi kiatu chake,* aliimba, kwa sauti ya chini kabisa, kama anayejisemea.

Vidole vya Anselme viliruka noti mbili, kisha vikaendelea. Vingefanya nini kingine.

*Na supu inafuka.*

Honorine alishika kiti. Miezi mitatu. Glavu alizoshona kwa mkono mmoja na riwaya mkono wa pili. Jina lake ambalo alikuwa amelipiga picha moyoni kwenye bango la ukutani, chini ya la mumewe, herufi ndogo, si kitu, lakini lipo: *Maneno, Honorine Fauchet.* Yote yanaliwa na zimwi mchana kweupe, tena kwa sauti nzuri.

*Nani kahamisha chumvi.* Bi Léocadie alisita. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa zulia kana kwamba ndio ukingo wa maji. Akageuza kichwa nyuma, mahali ambapo pangekuwa na nyumba ya mlinzi wa lango, na dirisha lake, na mtoto ndani. *Ngoja,* aliimba. *Nakuja.*

Akaondoka ukingoni mwa zulia, akaenda zake, hatua za mtu mwenye kazi nyingi. Piano ikamsindikiza hadi mlangoni.

Mahali fulani chini, fundi alikuwa anapiga msumari.

"Bwana Courtalin," Honorine alisema, "hayo si maneno niliyoyaandika. Ni zimwi. Nilimpa mnakili karatasi isiyo yake. Maneno yenyewe ni haya."

Mkurugenzi aliichukua karatasi, akaisoma kwa sauti, "E wimbi, ewe ajali, kengele yaniita," akasimama hapo. Akamrudishia.

"Bibie, haya nimeyasikia kila mwaka tangu nioe."

"Mimi nilidhani ndio mtindo mpya," Bi Léocadie alisema kutoka mlangoni. "Nikasema, heri, hatimaye wameniandikia mtu. Jana usiku nimeufanyia mazoezi, mtumishi wangu akaacha kufagia."

"Aliyeandika hilo zimwi ni nani?" aliuliza mkurugenzi.

Anselme aligeuka kwenye kiti cha piano. "Maneno ni yake. Alikuwa anayasema, mimi nilikuwa nahesabu mizani tu."

"Nilikuwa chini ya kabati," alisema Honorine.

"Ukae huko zaidi," alisema mkurugenzi.

Hapo ndipo Bwana Vauquelin alipoinuka, na skafu ikainuka naye. "Samahani," alisema. "Mnafurahi mapema. Mwanamke wangu amefika majini. Nimemfikisha pale kwa kurasa mia tano. Hawezi kurudi nyumbani kwa ajili ya chumvi."

"Bwana amewahi kupika?" Bi Léocadie aliuliza.

"Nina mpishi."

"Basi kamuulize."

"Nimeomba sababu ya kweli," alisema mwandishi, bila kumwangalia. "Nimeandika barua. Kengele si sababu, na supu si sababu. Nitaondoka na kitabu changu."

Honorine alimwona anachukua kofia. Alikuwa mwoga wa watu waliochapisha vitabu; aliwaheshimu kama mwalimu wake wa upara alivyomfundisha. Lakini kuna jambo lilikuwa limemkaa kooni tangu mwezi wa tisa kama mwiba wa samaki, na sasa likatoka lenyewe.

"Ukurasa wa mia nne na tisini na saba," alisema, "Marthe anaweka sufuria motoni."

Bwana Vauquelin alisita.

"Anaweka sufuria motoni, anamlaza mtoto, anatoka. Nimeisoma mara tano, Bwana. Kila mara nilikuwa nangoja uiepue. Huiepui. Ukurasa wa mia tano na nne yuko majini, na sufuria bado iko motoni, na mtoto amelala chumba hicho hicho."

"Sikuweka..."

"Umeweka. Hakuna mama anayetoka nyumbani na kuacha hivyo. Hata akiwa na huzuni ya dunia nzima, akifika mlangoni ataikumbuka. Wewe ulimsahaulisha ili afe."

Mwandishi alifungua riwaya. Alisimama wima katikati ya chumba, akalamba kidole, akapekua kurasa. Walimtazama akisoma. Alisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa mstari mmoja. Bi Léocadie alimenya njugu moja, polepole, isilie.

"Ni kweli iko motoni," alisema hatimaye.

"Iko motoni," alisema Honorine.

Mwandishi alikaa. Si kwenye kiti chake cha mbali. Alikaa kwenye kile kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa cha piano, kando ya Anselme, na Anselme ikabidi asogee. "Miaka minne nimeandika kitabu hiki," alisema. "Wahakiki kumi na moja wamekisoma. Hakuna aliyeuliza kuhusu sufuria."

"Wahakiki wana wapishi," alisema Bi Léocadie.

Bwana Courtalin, ambaye alikuwa amekuwa mkurugenzi muda wa kutosha kujua pa kuingilia, alivua kofia yake. "Majira ya kuchipua, basi. Mazoezi tarehe mbili. Zimwi lisiguswe, hata herufi. Na bibie uniandikie jina lako vizuri, mchapishaji wa mabango hukosea majina ya wanawake."

Honorine aliandika. Wahenga husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili lilikuwa limemjua mpaka chini ya kabati, na halikumla hata kidogo. Anselme alikuwa anamwangalia kwa macho ya siku ile aliyogundua kuwa anacheka peke yake.

"Ila kuna jambo moja," alisema Bwana Vauquelin. Alikuwa bado kwenye kiti cha piano, riwaya imefungwa, kidole chake kikiwa katikati ya kurasa. "Ruhusa natoa. Lakini mimi ni mtu wa riwaya, siwezi kulala na kitu kilichoachwa hewani. Kiatu. Kilikuwa wapi?"

"Hakijaonekana," alisema Honorine. "Leo siku ya tano. Nimetafuta kila mahali."

"Basi hujui mwisho wake?"

"Sijui."

Mwandishi alionekana kuumia kweli. Anselme, kwa kumwonea huruma, alimwambia kuwa labda ni panya. Bi Léocadie alisema huko kwao panya hawachukui viatu, wanachukua waume. Wakacheka, hata mkurugenzi, na katikati ya kicheko Zélie aliinuka kutoka sakafuni, maganda ya njugu yakamdondoka mapajani. Alikwenda hadi kwenye piano, akaigonga ubavuni kwa kiganja, akasikiliza, kisha akatikisa kichwa kuwa siyo hii.

"Kiatu changu nimekilaza ndani ya piano ya nyumbani."